Mbuga Haipandi Mlima
Maneno ya Nchi na Ardhi, Sehemu ya Tano

Hifadhi mbili za kwetu, Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, zimerudi tena redioni na magazetini katika mazungumzo ya kuutangaza utalii wa Kagera. Kama ilivyokuwa mwaka 2019, zilipopandishwa hadhi pamoja na Burigi-Chato kutoka mapori ya akiba, wasemaji wengi wanaziita "mbuga zetu mpya". Jina rasmi ni hifadhi ya taifa, na wenye mamlaka hulizingatia. Lakini mdomoni mwa watu ni mbuga, na mtoto hujifunza lugha kwa kinachosemwa nyumbani kabla hajafika kwenye kibao cha getini. Maneno nyanza na rweru tuliyamaliza katika sehemu zilizotangulia, na zamu hii nalishika neno mbuga lenyewe, kwa sababu naamini mkulima wa bondeni ana haki ya kulidai. Mbuga ni neno la udongo. Tumeligeuza likawa neno la utawala, na sasa tunalipandisha hadi kwenye migongo ya vilima, mahali ambapo halikuwahi kukaa.

Tuanze chini, kwenye tope. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi mbuga ni sehemu ya mwisho ya mteremko: tambarare ya bondeni yenye nyasi, miti michache au hakuna, ambako maji ya mvua hutulia kwa kukosa pa kwenda. Udongo wake ni mfinyanzi mweusi. Kiangazi hupasuka nyufa ambazo mtu huweza kutia mkono. Masika hunata kwenye jembe mpaka jembe lenyewe halionekani, na mlimaji hulazimika kusimama kila hatua kulikwangua. Mahali hapo si ukiwa. Ndipo wanapochimba majaruba ya mpunga, na ndipo ng'ombe hupelekwa nyasi za juu zinapokauka. Msukuma hataji mbuga peke yake, bali huitaja kama mwisho wa safari: juu karibu na mawe kuna luseni, udongo wa kichanga, ukiteremka unakuta itogolo, udongo mgumu unaokataa jembe, kisha ndiyo mbuga. Kila hatua ina jina lake na zao lake.

Mpangilio huu haukubaki vijijini. Katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, alikuwepo mtaalamu wa udongo Mwingereza aliyeitwa Geoffrey Milne, aliyepewa kazi ya kutengeneza ramani ya udongo wa Afrika Mashariki. Tatizo lake lilikuwa kwamba udongo ulibadilika kila baada ya hatua mia chache, na ramani ndogo isingeweza kuonyesha mabadiliko yote hayo. Mwaka 1935 alipendekeza kwamba udongo wote wa mteremko mmoja uhesabiwe kuwa kitu kimoja, kama pete za mnyororo, kwa kuwa maji huuchukua wa juu na kuulaza chini, na kila pete imeumbwa na ile iliyo juu yake. Akaliita wazo hilo catena, yaani mnyororo kwa Kilatini. Leo hufundishwa popote duniani panapofundishwa elimu ya udongo. Na wataalamu walipofika pete ya mwisho, ule mfinyanzi mweusi wa bondeni, hawakulitafsiri jina. Waliandika mbuga ndani ya Kiingereza chao, wakaliacha hivyo. Kwa hiyo kuna vitabu vya kigeni ambamo mbuga bado ina maana ileile iliyo kwa mpanda mpunga, wakati magazeti yetu wenyewe yameipoteza.

Ilipoteaje? Hifadhi za kwanza zilizojulikana sana huku kwetu zilikuwa kwenye nchi wazi yenye nyasi: Nairobi mwaka 1946, Serengeti mwaka 1951. Aliyesema "mbuga za wanyama" alisema kweli tupu, maana tambarare ya kusini mwa Serengeti ni mbuga kwa macho ya yeyote. Kosa halikuwa hapo. Kosa lilianza pale neno lilipoacha kushikamana na nyasi likashikamana na amri inayozilinda. Gombe, iliyotangazwa mwaka 1968, ni miteremko mikali ya misitu juu ya Ziwa Tanganyika, ikaitwa mbuga. Kilimanjaro mwaka 1973, barafu na yote, ikaitwa mbuga. Udzungwa mwaka 1992, milima ya msitu mnene, nayo ikaitwa mbuga. Zamu ya vilima vya Karagwe na Kyerwa ilipofika, hakuna aliyeshtuka.

Waingereza wana neno lililosafiri njia hiyohiyo kwa kurudi nyuma, na nalipenda mno hata siwezi kulipita haraka. Forest, ambalo leo kwao ni msitu tu, halikuwa neno la miti. Wanaisimu wengi hulitoa katika Kilatini, kwenye neno lenye maana ya nje: ardhi iliyowekwa nje ya sheria ya kawaida ili mfalme awinde. William aliyeiteka Uingereza alijitengea New Forest yapata mwaka 1079, na ndani yake mlikuwa na mashamba na nyika zisizo na miti. Dartmoor, nchi ya juu yenye upepo na mawe, hadi leo sehemu yake huitwa forest ingawa mtu huweza kutembea nusu siku bila kukuta kivuli. Hata kitenzi ambacho sasa humaanisha kupanda miti, zamani kilimaanisha kuiweka ardhi ya watu chini ya sheria ya uwindaji wa mfalme. Miti mingapi ilikuwepo halikuwa swali. Wafalme walizidi kupanua, watu wakazidi kubanwa, mpaka mwaka 1217, chini ya Henry III aliyekuwa bado mtoto, ukatolewa Mkataba wa Misitu. Ulirudisha ardhi zilizotwaliwa bila haki, ukawaruhusu watu huru kulisha nguruwe wao katika miti yao wenyewe, na ukaagiza kwamba asiwepo atakayepoteza uhai au kiungo kwa sababu ya paa wa mfalme. Sheria hiyo ilidumu katika vitabu hadi 1971. Neno la utawala likapoa polepole, likawa neno la miti. Sisi tunafanya kinyume: tumechukua neno la udongo tukalipasha moto mpaka likawa la utawala.

Watu huniuliza kuna ubaya gani, lugha si hubadilika? Hubadilika, na silii kwa sababu neno limeongezewa maana. Kitivo lilikuwa neno la ardhi yenye rutuba kabla halijaingia vyuo vikuu, na hakuna mkulima aliyedhurika. Lakini kitivo halikuja na adhabu. Mbuga limekuja nayo: kuingia bila ruhusa ni kosa, kulisha ni kosa, kukata nyasi ni kosa. Neno la namna hiyo likifunika jina la bonde, akili huanza kuliona kila bonde lenye nyasi kuwa mahali pa wanyama na pa serikali, ambapo mtu yupo kwa kuvumiliwa. Historia yetu ina mfano mkali zaidi. Tarehe 26 Novemba 1895 Wajerumani walitoa amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola yao. Nani aliamua ipi haina mwenyewe? Aliyeitazama na kukosa jina lake.

Na hapa Karagwe ardhi iliyokoswa jina kwa urahisi ni rweya. Wahaya na Wanyambo wamegawa nchi kwa maneno mawili, kibanja na rweya. Kibanja ni nyumba pamoja na migomba na kahawa yake. Rweya ni nchi ya wazi yenye nyasi katikati ya vijiji, na mgeni huiita pori. Lakini tazama kazi yake. Ng'ombe walikula rweya mchana, wakalala nyumbani usiku, na samadi ikaenda migombani. Nyasi zilizokatwa huko zilitandazwa chini ya migomba na kuezekea nyumba, na wanawake walipanda njugu mawe humo kwa zamu. Mnyororo wa Milne huchukua rutuba kwa maji na kuishusha. Mnyororo wa huku uliichukua kwa kwato na kuipandisha hadi mlangoni. Bila rweya kibanja kisingekuwa cheusi vile. Omukama Rumanyika Orugundu, aliyewapokea wasafiri wa Kizungu Speke na Grant mwezi Novemba 1861 na ambaye hifadhi imepewa jina lake, alikuwa mfalme wa ng'ombe, na ng'ombe ni rweya.

Wapo watakaosema rweya ni la kikabila, Kiswahili sanifu hakilihitaji. Ikulu lilitoka kwa Wanyamwezi, na leo hakuna anayeliona geni. Wapo pia watakaosema kwamba katika Kiswahili cha wengi mbuga ni uwanda wowote, si lazima wa bondeni. Nakubali, lakini uwanda nao haupandi mlima, na hoja yangu inabaki palepale. Sidai hifadhi zifutwe. Nzohe, yule swala wa matete mwenye kwato ndefu ambaye Speke alimwona katika ziwa dogo la Karagwe na ambaye jina lake la kisayansi hubeba jina la Speke, anahitaji kinamasi kisichoguswa, na hifadhi ndiyo itakayompa.

Ninachodai ni kidogo, na hakina gharama. Vibao vilivyoandikwa "Hifadhi ya Taifa" vifuatwe na wanaosema redioni. Bwana shamba anapozungumza na wakulima wa Bugene kuhusu mpunga, aliite bonde lao mbuga bila kusita, na wao walisikie bila kudhani wanaambiwa wahame. Na mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji, inayoandikwa kwa Kiswahili na kubandikwa ofisini, iandike rweya panapostahili rweya badala ya pori, pamoja na wanaolisha mifugo na kukata nyasi humo. Neno pori lenyewe, na jinsi pori la akiba lilivyopata akiba yake, ndilo litakalofungua sehemu ya sita.