Je, Wajua? Saratani ya Mifupa Iliwapata Hata Dinosaria

Je, wajua kwamba saratani ya mifupa ilikuwepo kabla ya binadamu? Mwaka 2020 wataalamu nchini Kanada walitangaza kuwa mfupa wa mguu wa dinosaria aina ya Centrosaurus, aliyeishi miaka milioni 76 hivi iliyopita, ulikuwa na osteosakoma, aina ya saratani ya mifupa. Awali uvimbe wake ulidhaniwa kuwa ni mfupa uliovunjika kisha ukaunga.

Kosa hilo hutokea hadi leo. Osteosakoma huwapata zaidi vijana wanaobalehe, mifupa inaporefuka kwa kasi, na mara nyingi huanzia karibu na goti. Sasa kijana wa umri huo asiyecheza mpira ni nani? Goti likimuuma, kila mtu ana jibu: kaumia uwanjani. Basi linachuliwa, linakandwa kwa maji ya moto, na miezi inakatika. Mpira wenyewe hausababishi saratani. Unatupa tu kisingizio cha kuchelewa.

Terry Fox wa Kanada alikatwa mguu wa kulia mwaka 1977, akiwa na miaka 18, kwa sababu ya ugonjwa huu. Mwaka 1980 alikimbia kwa mguu wa bandia kilomita 5,373 kwa siku 143 kuchangisha fedha za utafiti, hadi saratani iliyoenea mapafuni ilipomsimamisha. Siku hizi, palipo na dawa na wapasuaji mahiri, wagonjwa wengi hubaki na miguu yao.

Osteosakoma ni aina moja tu ya sakoma; nyingine huanzia kwenye misuli, mafuta au mishipa. Mwaka 1911 Mmarekani Peyton Rous alionyesha kuwa sakoma ya kuku inaweza kuletwa na virusi. Nobeli aliipata mwaka 1966, miaka 55 baadaye! Sakoma ya Kaposi nayo, ambayo leo huhusishwa na UKIMWI, ilijulikana Uganda na Kongo kabla dunia haijausikia ugonjwa huo; kirusi kinacholeta sakoma hii kiligunduliwa mwaka 1994.

Tukirudi kwenye mifupa, kwa watu wazima saratani inayokutwa humo mara nyingi imesambaa kutoka kwingine, kama vile titi au tezi dume.

Mzazi, maumivu ya mfupa yanayomwamsha mtoto usiku, au uvimbe usioacha kukua, usiyachue. Mpeleke hospitali apigwe eksirei.