Moyo Ukishikwa Ghafula

Ugonjwa wa moyo haupigi hodi. Waamini wa Nyantende, pamoja na wenzao wa Jimbo Kuu la Bukavu, walilionja jambo hilo mwaka 2000. Mwezi wa Februari waasi waliotawala Bukavu walimhamisha kwa nguvu Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko, akakaa Butembo miezi saba. Tarehe 14 Septemba, sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba, alirudi, na watu wakampokea kwa shangwe kubwa. Siku 20 baadaye, tarehe 4 Oktoba, habari ikafika kutoka Italia, alikokwenda kwa mkutano wa maaskofu: moyo umemshika ghafula, amefariki. Alikuwa na umri wa miaka 68. Waliomwimbia juzi wakaanza kumlilia.

Basi, jambo kama hilo laweza kuingia katika nyumba yoyote. Yafaa kila jamaa ijue la kufanya.

Moyo ni msuli unaosukuma damu mwilini mwote, nao hulishwa na mishipa yake wenyewe. Damu ikiganda ndani ya mshipa mmoja na kuuziba, sehemu ya moyo hukosa chakula na hewa, ikaanza kufa. Mgonjwa huona kifua kinabanwa kama kwa jiwe zito. Maumivu hupanda shingoni na tayani, au hushuka katika mkono. Hutoka jasho la baridi, hukosa pumzi, hutaka kutapika. Lakini wengine, hasa akina mama, wazee na wenye kisukari, hawaumwi sana kifuani. Huona uchovu mkuu na kukosa pumzi tu.

Hapo ndipo jamaa wengi hupotea njia. Huyu husema, «Ni tumbo, litapoa.» Yule hunong'ona, «Amelishwa sumu,» na mara macho yote humgeukia jirani. Mgonjwa hunyweshwa dawa za kumtapisha, saa zinapita, na moyo unazidi kufa. Akifariki, nyumba mbili huharibika: moja kwa msiba, nyingine kwa masingizio. Ndugu, kumshitaki mtu pasipo ushahidi ni dhambi, wala hakumponyi mgonjwa.

Fanyeni hivi. Mketisheni, mlegezeni nguo, asitembee hata hatua chache. Kama aspirini haimdhuru wala hatoki damu, atafune kidonge kimoja cha miligramu 300. Vijana watafute gari. Lisipopatikana, wambebe kwa machela mpaka hospitali ya Nyantende, usiku au mchana. Waganga ndio watakaoamua kama inafaa kumpeleka Bukavu. Akizimia na kuacha kupumua, mtu mmoja akandamize kwa nguvu katikati ya kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuchoka upesi.

Mjumbe wa pili aende kwa padri. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha wazi kwamba Mpako wa Wagonjwa si wa wanaokata roho tu. Wengi huogopa kumwita padri, eti mgonjwa atavunjika moyo. Kumbe sakramenti hiyo humtia nguvu.

Naye akipona, kazi ya jamaa haijaisha. Ameze dawa kila siku hata akijiona mzima, apunguze chumvi, aache tumbaku, apimwe msukumo wa damu. Na ninyi mlio wazima, msingoje kushikwa: nendeni mkapimwe juma hili.