HDR ya Boksi na HDR ya Kioo

Ukipita maduka ya Kariakoo au Luthuli Avenue, Nairobi, TV nyingi za 4K zina herufi HDR kwenye boksi, yaani picha yenye upana mkubwa wa mwanga na giza. Muuzaji atasema picha yake ni kali. Hatasema kwamba herufi hizo zinathibitisha jambo moja tu: TV inaupokea mkondo wa HDR. Kama inaweza kuuonyesha, hilo ni suala jingine.

Mwangaza wa skrini hupimwa kwa niti. Picha ya kawaida huandaliwa kwa kiwango cha niti 100, ilhali ya HDR huandaliwa kwa 1,000, pengine hata 4,000, ili jua liwake kama jua huku kivuli cha chini ya mti kikibaki na majani yake. TV ya bei nafuu mara nyingi huishia niti 300 hivi. Ikipewa picha hiyo huibana, na mchezaji anaishia kuona gemu limefifia kuliko HDR ikizimwa.

Konsoli zilianza mambo haya mwaka 2016, Xbox One S ikitangulia Agosti na PS4 ikifuata Septemba kwa sasisho la programu. Leo PS5 hutumia HDR10 pekee kwenye gemu. Dolby Vision ya gemu, aina nyingine ya HDR, iko upande wa Xbox Series X na S. Mwenye PS5 anayeongeza hela kwa ajili ya nembo ya Dolby Vision anailipia filamu.

Kuna tundu la HDMI pia. HDMI 2.0 hupitisha gigabiti 18 kwa sekunde, 2.1 hufika 48, na hapo ndipo 4K ya fremu 120 inapopatikana. Ila kanuni za sasa zinaruhusu tundu kuitwa 2.1 hata bila uwezo huo. Swali la dukani liwe hili: matundu mangapi yanapokea 4K kwa hezi 120? Mara nyingi ni mawili kati ya manne, na moja ndilo la spika.

Kinachouma zaidi ni kuchelewa. Kwenye fremu 60 kwa sekunde, kila fremu hudumu milisekunde 16.7. TV inayochelewa milisekunde 100 kwa sababu ya kupamba picha inamweka mchezaji fremu sita nyuma: mpira uko wavuni, kipa wake ndiyo kwanza anaruka. Modi ya gemu huondoa mapambo hayo, na bila modi hiyo TV isinunuliwe.

Kwa aina za kioo, OLED ndiyo yenye weusi wa kweli, maana kila pikseli hujiwasha na kujizima. Kwa chumba chenye giza haina mpinzani. Kwa banda la gemu, ambako ubao wa matokeo hukaa kona ileile tangu asubuhi hadi usiku, ni hasara: alama huweza kubaki kiooni daima. Hapo TV ya Mini-LED inafaa zaidi, na hushindana vizuri na mwanga wa mchana.

Ukishanunua, ingia kwenye mipangilio ya konsoli urekebishe HDR, na kama TV ina chaguo la HGiG, lichague, ili konsoli na TV zisiibane picha mara mbili. Mwenye bajeti ndogo anayecheza kandanda tu achukue TV yenye modi ya gemu ya kasi, kisha azime HDR kwenye konsoli.