Skibbereen: Soko lilijaa chakula, watu wakafa njaa

Jina Skibbereen nililisikia kwa mara ya kwanza nikitazama Olimpiki ya Paris 2024 kwenye simu. Majamaa wawili, Paul O'Donovan na Fintan McCarthy, walikuwa wameshinda dhahabu ya kupiga makasia kwa mara ya pili mfululizo. Nikajiuliza, hawa wametoka wapi? Kumbe ni kwa mji mdogo wa soko kusini-magharibi mwa Ayalandi, katika kaunti ya Cork, kando ya mto Ilen. Watu karibu 3,000 tu. Hapa mtaani kwetu hao ni wapangaji wa ploti kadhaa.

Mji huu ulikua kwa mkosi wa jirani. Mwaka wa 1631 maharamia kutoka Algiers walivamia kijiji cha Baltimore, pwani ya karibu, wakateka watu zaidi ya 100 na kuwapeleka utumwani Afrika Kaskazini. Waliosalia wengi waliikimbia bahari, wakahamia Skibbereen. Baadaye soko likashika: siagi, nafaka, mifugo.

Halafu ikaja 1845. Ugonjwa wa viazi ulianza kuozesha mazao shambani, na mwaka uliofuata ukayamaliza. Maskini wa huko walikuwa wanaishi kwa viazi, asubuhi hadi jioni. Serikali ya Uingereza, iliyotawala Ayalandi wakati huo, iliwapa kazi za vibarua: kuvunja mawe na kujenga barabara.

Denis McKennedy alikuwa mmoja wao. Oktoba 1846 alianguka akafa akiwa kazini, kule Caheragh, nje kidogo ya mji. Alikuwa anadai mshahara wa wiki mbili. Uchunguzi wa kifo chake ukaamua kwamba aliuawa na njaa, kwa sababu ya uzembe wa bodi iliyomwajiri. Kama umewahi kufanya kibarua ukaambiwa "pesa inaprosesiwa", unamwelewa huyu mzee.

Lakini kilichoninyima usingizi ni kitu kingine. Katikati ya balaa hilo, afisa mmoja wa serikali aliripoti kwamba Jumamosi soko la Skibbereen lilikuwa limejaa nyama, mkate na samaki. Chakula kilikuwepo! Watu ndio hawakuwa na doo. Serikali nayo ilishikilia kwamba biashara isiingiliwe, na nafaka na mifugo zikaendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza.

Katika makaburi ya Abbeystrowry, nje ya mji, inakadiriwa kwamba watu kati ya 8,000 na 10,000 walizikwa kwenye mashimo ya pamoja, bila majeneza. Nchi nzima ilipoteza watu kama milioni moja, na wengine zaidi ya milioni wakapanda meli.

Kijana mmoja, Jeremiah O'Donovan Rossa, alifiwa na babake 1847. Mamake alienda Marekani, yeye akabaki Skibbereen akifanya kazi dukani. Mwaka wa 1856 akaanzisha kikundi cha vijana kilichojiita cha fasihi, ila gumzo lao kubwa lilikuwa jinsi ya kumtimua Mwingereza. Aliishia gerezani, kisha uhamishoni New York.

Si machozi matupu lakini. Gazeti la mji, Skibbereen Eagle, liliwahi kumwonya mfalme wa Urusi kwamba linamwangalia kwa makini. Gazeti la kijijini! Hadi leo Waairishi wanalicheka, na mimi nawapa heko kwa kujiamini.

Siku hizi kuna maonyesho ya historia ya njaa mjini, na klabu ya makasia ya tangu 1970 ndiyo iliyowalea Paul na Fintan. Wakulima nao bado wanaleta jibini, mkate na samaki sokoni. Siku yenyewe ni Jumamosi, kama ile ya afisa yule.