GARE YA KINDU NA SISI WATU WA NG'AMBO



Wenzetu wawili wa darasa la sita walitufikia na ulizo: mtu wa Kasongo akimaliza mtihani wa Serikali, na baba yake hana pesa ya ndege, atafikaje Lubumbashi kusoma? Tukajibu upesi: "Apande treni!" Wakacheka sana. Mmoja ni mtoto wa Kabambare, na kwao mlio wa treni haujasikika hata siku moja. Basi tukaketi na ramani ya mwalimu wa jeografia, na haya ndiyo tuliyopata.

Gare kubwa ya jimbo letu ni ile ya Kindu. Kule ndiko reli inakwisha. Lakini wazee wetu watakuambia kwamba zamani njia kubwa ilipita kwetu. Misafara ilitoka Ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare, ikafika Kasongo, mji mkubwa wa Waarabu na Wangwana wakati wa Tippu Tip, mpaka ulipotekwa na askari wa Leopold mwaka 1893. Kwa nini basi reli ilituacha?

Sababu ni mto. Misafara ilikuja kwa miguu toka mashariki, lakini Wabelgiji walipanda na maji toka kaskazini. Masuwa inaweza kutembea Lualaba toka Ubundu mpaka Kindu, karibu kilometa 310. Kupita hapo kuna mawe na maporomoko, na karibu na Kongolo mto unabanwa kati ya miamba, mahali Wazungu walipopaita Milango ya Jehanamu. Kongolo kwenda juu, maji yanatulia tena mpaka Bukama. Kampuni ya CFL, iliyoundwa mwaka 1902 na tajiri Empain, ilitaka kuruka mawe tu. Ikajenga kipande cha Kisangani mpaka Ubundu, kilometa 125, mwaka 1906. Kisha kipande cha Kindu mpaka Kongolo, kilometa 355, mwaka 1911. Pale masuwa inaposhindwa, treni inapokea mizigo. Treni ikiisha, masuwa inapokea tena. Kwa hiyo gare ya Kindu ilizaliwa pamoja na bandari, hata mji ukaitwa Kindu-Port-Empain. Na reli ilishika upande wa magharibi wa mto. Sisi tuko mashariki.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui, nalo ni upana wa reli. Ile ya CFL ilikuwa na milimita 1,000, na ile ya Katanga milimita 1,067. Wagoni ya huku haikuweza kutembea kule. Mwaka 1955 CFL ilipanua reli yake ya huku, na mwaka 1956 kipande cha Kabalo mpaka Kamina kikaunganisha yote. Tangu hapo wagoni moja inaweza kutoka Lubumbashi na kufika Kindu bila kushusha hata gunia moja, safari ya karibu kilometa 1,500. Kipande cha Ubundu kilibaki na milimita zake 1,000.

Siku hizi yote iko chini ya SNCC. Vita vya 1998 mpaka 2003 vilikata njia, baadaye treni zikarudi. Lakini reli na mataruma mengi ni ya zamani, ndiyo maana treni inakwenda polepole, na pengine inaanguka. Toka Lubumbashi mpaka Kamina kulijengwa nyaya za umeme. Toka Kamina kuja kwetu ni mazuti, na mazuti ikikosekana mnalala porini. Usitazame saa. Treni haiji hata kila juma.

Sasa jibu lenyewe. Mtu wa Kasongo hana haja ya kupanda mpaka Kindu. Iko gare ya Samba, kati ya Kibombo na Kongolo. Unateremka mtoni, unavuka, unafuata njia ya wale wanaosukuma kinga na magunia ya mchele na mafuta ya ngazi. Mtu wa Kabambare aongeze kwanza safari ya kufika Kasongo, na wakati wa mvua hiyo peke yake ni kazi.

Tena hawa wasukuma kinga si wageni kwetu. Wengi ni baba zetu na kaka zetu, na gunia la mchele ndilo minerval yetu. Treni ikikawia, wachuuzi wa Samba hawanunui, mchele unalala, bei inashuka. Wakati uleule chumvi na sabuni vinapanda bei hapa sokoni. Ukiona viti vitupu darasani mwezi wa pili wa masomo, usiseme upesi kwamba ni uvivu.

Tuliwasomea wale wawili maneno haya kabla ya kuyapiga mashine. Wa Kasongo alisema atabeba unga wa siku kumi na tano. Wa Kabambare alisema yeye wa mwezi.