Gomesi Iliyopoteza Rangi

Hadithi! Hadithi!

Mkishaitikia "njoo", kaeni vizuri niwasimulie.

Palikuwa na binti mmoja wa Tororo, mji ule wenye mwamba mkubwa unaoonekana tangu ukiwa mbali njiani. Siku moja alimsindikiza shangazi yake kwenda Busia kununua bidhaa. Shangazi alikuwa amevaa gomesi mpya, akasimama mbele ya duka lililotundikwa bendera ya Uganda na ya Kenya. Binti akatoa simu, akampiga picha.

Jioni, katika kuchezea simu, akaigeuza picha ikawa nyeusi na nyeupe. Ikamvutia, akaihifadhi juu ya ile ya mwanzo. Asubuhi shangazi akasema, "Nisafishie ile picha niitundike sebuleni. Ila nataka ya rangi."

Binti akarudi Busia mbio. Akashuka kwenye bodaboda, jina lililotokana na baiskeli zilizokuwa zikivusha watu mpakani hapo hapo, akaingia kwa mzee mpiga picha.

"Shikamoo, mzee. Naomba uirudishie rangi."

"Marahaba, mwanangu. Keti kwanza. Picha ya simu ni kama mkeka uliosukwa kwa nukta ndogo mno. Kila nukta ina namba tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, kila moja kati ya 0 na 255. Ukiifanya nyeusi na nyeupe, namba tatu zinajumlishwa zinakuwa moja. Hesabu iliyozoeleka huchukua kama asilimia 30 ya nyekundu, 59 ya kijani na 11 ya buluu, maana jicho la mtu huona kijani kuwa na mwanga zaidi."

Akamwonyesha bendera ya Kenya kwenye picha. Ule mstari mwekundu na ule wa kijani ilikuwa kijivu kimoja.

"Piga hesabu," mzee akasema. "Nyekundu ya 187 peke yake hutoa 56. Kijani cha 102 peke yake hutoa 60. Nani ataona tofauti ya nne? Mama yako akirudi kutoka sokoni akakwambia nyanya, vitunguu na sukuma vimemgharimu shilingi 100 kwa jumla, utajuaje bei ya kila kimoja?"

"Siwezi kujua."

"Basi na kompyuta haiwezi."

"Lakini zipo programu za kutia rangi!"

"Zipo. Zimefundishwa kwa picha nyingi mno, zikajua kwamba nyasi ni za kijani na anga ni la buluu. Ngoja tuone."

Wakaijaribu. Nyasi zikapendeza, anga likapendeza. Gomesi ikatoka ya buluu.

"Ilikuwa ya zambarau!" binti akalia.

"Programu haikuiona gomesi. Ilikisia tu. Sasa niambie, kabla hujaigeuza, ulimtumia mtu?"

Binti akakumbuka. Alikuwa amemtumia binamu yake. Akampigia, na haikupita dakika picha ikaingia, ina rangi zake zote. Ila ilikuwa imebanwa njiani: ukiikuza, uso wa shangazi unakuwa ukungu.

Mzee akatabasamu. Akaikuza ile ndogo mpaka ikalingana na ile kubwa, akachukua rangi yake pekee, akailaza juu ya picha nyeusi na nyeupe. Mikunjo ya gomesi na makunyanzi ya kicheko vilitoka kwenye picha kubwa. Zambarau ikatoka kwenye ndogo. Macho yetu ni makali kwa mwanga na kivuli, lakini kwa rangi husamehe ukungu kidogo. Ndiyo maana kiraka hakikuonekana.

Picha ile sasa iko ukutani, Tororo.

Nanyi wasikilizaji wangu, mkitaka kugeuza picha, tengenezeni nakala kwanza, muigeuze hiyo. Mkishakosea, msikimbilie programu: angalieni kama simu ina kitufe cha kurudisha picha ya awali, kisha waulizeni mliowatumia. Na mkikuta picha ya zamani ya babu imetiwa rangi na kompyuta, iandikeni nyuma kwamba rangi hizo ni za kukisia, ili mjukuu atakayekuja asidanganyike.

Hadithi yangu inaishia hapo.