Tabaka na Maisha Bonde la Tana (2): Asiye na Shamba wala Ng'ombe

Juma lililopita tulimwangalia Mpokomo, mkulima, na shamba lake la ukingoni mwa mto. Leo tusogee nyikani, kwani huku Tana utajiri una vipimo zaidi ya kimoja. Mpokomo huhesabu ardhi ya ukoo, inayoanzia mtoni na kuingia msituni, pamoja na miembe aliyoachiwa na babu zake. Mworma, mfugaji, huhesabu ng'ombe. Wakikutana sokoni Garsen, huyu na maziwa yake, yule na ndizi zake, kila mmoja ana anachomzidi mwenzake, na wote wawili wanajua.

Ndani ya Waorma wenyewe, tabaka huonekana ukame ukipita. Mwenye ng'ombe mamia hubakiwa na mbegu ya kuanzia upya. Aliyekuwa na kumi huishia kijijini, na wanawe huchunga mifugo ya watu kwa ujira, pengine ya ndugu wa ukoo wao.

Lakini wako Wata, ambao hawamo katika hesabu zote mbili. Hawa walikuwa mabingwa wa kuwinda tembo kwa upinde na mishale ya sumu. Zamani, tembo akianguka, pembe moja ilikwenda kwa Mworma aliyewalinda. Walizungumza lugha yake, lakini binti yake hawakuozwa. Hata hivyo walikuwa na kazi yao na sifa yake.

Kazi hiyo waliipoteza kwa amri za serikali. Msako wa majangili wa miaka ya 1956 na 1957 huko Tsavo uliwapeleka wengi jela. Mpango wa Galana, ulioanza 1960 ili wawinde kihalali, uliishia kuwa ranchi ya ng'ombe. Mwaka 1977 uwindaji ukapigwa marufuku nchini kote. Waliondolewa porini bila kupewa shamba wala mtamba.

Mapigano ya Wapokomo na Waorma ya Agosti 2012 hadi Januari 2013 yalipoua watu zaidi ya 100, sote tulizungumzia mashamba na malka, yaani njia za mifugo kufika mtoni: mkulima na mfugaji tu. Wata hatukuwauliza neno.

Sasa ipo Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Jamii hujiandikisha, huchagua kamati ya watu 7 hadi 15, na uamuzi wa kutoa ardhi huhitaji theluthi mbili ya wanajamii. Kwa walio wachache, hesabu hiyo haitoshi kuwalinda. Wata waandikishwe kwa jina lao, kwenye ardhi yao, kabla wapimaji hawajaweka mawe ya mipaka.